Msichana Hakuwemo Kikaoni: Nani Atusimulie?

*Swali: Ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Mhusika wangu ni msichana wa miaka 12, mtoto wa pekee. Baba yake amefariki, na ndugu za baba wanaitaka nyumba ya Ngamiani, Tanga, anamoishi yeye na mama yake. Nimeshaandika kurasa kama 60 kwa "mimi", msichana mwenyewe akisimulia. Sasa nimekwama. Usiku wa arobaini ndugu za baba wanakaa kikao cha kuamua habari ya nyumba, naye hakuwemo. Rafiki yangu mmoja anasema nafsi ya kwanza ni ya waandishi wachanga, nihamishie kitabu chote kwenye nafsi ya tatu. Mwingine anasema sura hiyo moja tu niiandike kwa nafsi ya tatu, kisha nirudi kwenye "mimi". Nimeambatisha sura mbili za mwanzo. Nifanye lipi?*

Usifanye lolote kati ya hayo mawili, dada yangu, angalau mpaka ujaribu la tatu ambalo rafiki zako hawakulitaja. Nafsi iache ilivyo. Badilisha umri wa anayesimulia.

Nitaeleza, lakini kwanza nimwondoe njiani huyo rafiki wa kwanza. Hakuna nafsi ya wachanga na nafsi ya wakomavu. Kezilahabi alimwachia Kazimoto aseme "mimi" katika Kichwamaji (1974), na sijasikia mtu akiiita riwaya ile kazi ya mwanagenzi. Ken Walibora alimwachia Kongowea Mswahili asimulie mwenyewe Siku Njema (1996), na baadaye Walibora huyohuyo akaandika Kidagaa Kimemwozea kwa nafsi ya tatu. Kalamu ni moja, hadithi ndiyo iliyodai kitu kingine. Nadhani uvumi huu umetoka darasani. Tulifundishwa nafsi kama safu kwenye jedwali la sarufi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Kwenye mtihani wa fasihi ukiandika "mwandishi ametumia nafsi ya kwanza" unapata alama yako, unaendelea na tashbihi. Mtu akitoka hapo anaamini kwamba kuchagua nafsi ni kuchagua kiambishi.

Ingekuwa hivyo ungemaliza kazi kwa mchana mmoja. Hebu jaribu: chukua ukurasa wako wa kumi, kila palipo "nili-" weka "ali-". Nimefanya hivyo na sura zako zote mbili, kwa penseli. Sura ya kwanza ilikataa. Sentensi zilianza kugombana zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu zimejaa mambo ambayo mtoto huyu tu ndiye angeyaona. Sura ya pili ilikubali bila kelele. Maana yake, katika sura ya pili "mimi" umemweka jina tu. Anayesimulia pale ni wewe, mtu mzima, umevaa sare ya shule.

Unachochagua hasa ni nani anajua nini, amekijua lini, na alikuwa amesimama wapi. Kiambishi kitafuata chenyewe. Nitakuonyesha kwa tukio dogo ambalo nimelibuni kutokana na hadithi yako. Ni usiku wa kikao. Mama yupo chumbani, bado yumo edani, hawezi kwenda kukaa na wanaume sebuleni. Mtoto anatumwa kupeleka chai. Hii ndiyo nafasi pekee aliyo nayo ya kuingia katika kile chumba, na ni ya nusu dakika.

Kwanza, jinsi unavyoandika sasa, mtoto akisimulia kana kwamba mambo yametokea jana:

"Nilibeba sinia kwa mikono miwili. Mlangoni nilivua ndala. Baba mkubwa alikuwa anasema, wakanyamaza wote waliponiona. Baba mdogo akaniambia, 'Weka hapo, mwanangu.' Hakuwahi kuniita mwanangu. Nikaweka. Vikombe vilikuwa sita na watu walikuwa saba."

Ona jinsi isivyohitajika kikao chote. Mtoto hajui kilichosemwa, lakini msomaji ameshaelewa kwamba mtu akianza ghafla kukuita mwanangu kuna kitu anakuchukulia. Na huyo mtu wa saba ni nani? Mtoto hajui. Pengo hilo kati ya anachokijua mtoto na anachokishuku msomaji ndilo linalomfanya mtu afungue ukurasa unaofuata. Wewe umeliona pengo kama kasoro ya nafsi ya kwanza. Ndiyo mali yake.

Lakini kuna gharama. Ukibaki hapa, kitabu kizima kitakuwa na maneno ya mtoto wa miaka 12, na riwaya ya mirathi inahitaji mahali fulani mtu aelewe hati, deni, mahakama. Mtoto hawezi kuubeba mzigo huo kwa kurasa 200. Ndipo waandishi wengi wanapoanza kumtia mtoto maneno ya wakili, kama ulivyofanya wewe kwenye ukurasa wa 41, anaposema "msimamizi wa mirathi alikiuka wajibu wake". Mtoto huyu hajui kama kuna kitu kinachoitwa wajibu wa msimamizi.

Sasa mtoto yuleyule, ila ana miaka 35:

"Nilibeba sinia kwa mikono miwili, na mpaka leo nikishika sinia huhesabu vikombe kwanza. Nilikuwa na sita, wao walikuwa saba. Yule wa saba, aliyekataa kuvua viatu, nilikuja kumjua miaka tisa baadaye kwenye foleni ya benki. Alikuwa ameshazeeka na hakunikumbuka. Shangazi anasema usiku ule alikuwa ameshatoa nusu ya fedha. Baba mdogo alikula yamini mpaka anaingia kaburini kwamba hakutoa hata senti."

Nafsi ni ileile, ni-. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna watu wawili ndani ya "mimi": aliyebeba sinia na anayekumbuka kulibeba. Wa kwanza anaona viatu. Wa pili anajua ni vya nani, na anaamua akwambie lini. Kikao ambacho hakuwemo sasa anakipata kwa njia ambayo sote tunapata mambo ya ukoo wetu: shangazi anasema hivi, baba mdogo alisema vile, mama alinyamaza. Wanapopingana, hulazimiki kuamua nani mkweli. Msomaji atakaa nao mwenyewe.

Kwa riwaya yako, hii ndiyo njia ninayoipendekeza, na nitarudi kwayo. Ngoja nikuonyeshe mbili nyingine ili usiseme nimekuficha.

Nafsi ya tatu iliyomkaa mtu mmoja begani:

"Alibeba sinia kwa mikono miwili. Mlangoni alivua ndala. Wamenyamaza. Kwa nini wamenyamaza? Baba mdogo akamwambia aweke hapo, eti mwanangu. Mwanangu tangu lini? Akahesabu. Vikombe sita, watu saba. Na huyu aliyeingia na viatu ndani ya nyumba ya watu ni nani?"

Hapa Kiswahili kina neema ambayo waandishi wetu hawaitumii vya kutosha. Angalia "wamenyamaza". Simulizi iko katika -li-, lakini mawazo ya mtoto yameingia na -me- bila kubisha hodi, bila "alifikiri kwamba", bila alama za mtajo. Lugha yetu inaruhusu hivyo kwa sababu hata katika mazungumzo ya kawaida tunasema "alijua mama amelala". Hatuna haja ya kusema "alijua mama alikuwa amelala". Wakati wa wazo unapimwa kwa anayewaza. Ongeza maneno kama ni, si, ana, hana, yupo, ambayo hayana -li- wala -ta-, na unaweza kuhama kutoka kwa msimulizi kwenda kichwani mwa mhusika na kurudi, msomaji asione mshono. Wanaoandika "alijiuliza moyoni mwake kwamba ni kwa nini walikuwa wamenyamaza" wanajenga ukuta palipokuwa na uwazi.

Na ya nne, msimulizi ajuaye yote, ambaye vitabu vya shule vinamwita msimulizi maizi:

"Watu saba walikuwa wamekaa sebuleni usiku ule, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutomtazama mtoto. Baba mkubwa alikuwa na deni. Baba mdogo alikuwa na aibu, ambayo kwake ilifanana sana na hasira. Mgeni hakuwa na lolote moyoni, alitaka chai."

Napenda sauti hii. Ni ndugu wa mtambaji wa ngano, yule wa paukwa, pakawa, anayejua sungura anawaza nini na simba anawaza nini na hakuna anayemuuliza amejuaje. Lakini fikiria inakudai nini. Ukiweza kuingia moyoni mwa baba mkubwa, huna ruhusa tena ya kumfanya mwizi mtupu. Kwa mirathi ya Kiislamu, marehemu akiacha mke na binti mmoja tu, wala wazazi wake hawapo, mke ana thumni, yaani moja ya nane, binti ana nusu, na kinachobaki ni cha ndugu wa marehemu. Hawa watu wana haki yao katika nyumba ile! Uovu wao, kama upo, umo katika haraka, katika siri, katika mtu wa saba. Mtoto wa miaka 12 hawezi kujua hilo. Kwake ni wezi. Msimulizi maizi akijifanya hajui, atakuwa anamdanganya msomaji. Mwanamke wa miaka 35 amelijua baadaye, na pengine kulijua kulimuuma kuliko wizi wenyewe. Kama riwaya yako inataka kuwa juu ya maumivu hayo, basi umeshachaguliwa msimulizi.

Kuna mambo ya lugha yenyewe ambayo waandishi wetu wanateleza, na sura zako zina mifano ya karibu yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

La kwanza ni "kumbe". Umeandika kwenye sura ya pili: "Kumbe baba mkubwa alikuwa amekwisha kuonana na mnunuzi." Kumbe ya nani? Kumbe ni neno la mtu anayegundua sasa hivi. Mtoto hakugundua siku ile. Hata wewe mwandishi hukugundua, ulikuwa unajua tangu ulipopanga hadithi. Katika sauti ya mtu mzima anayekumbuka, kumbe ina pa kukaa: "Kumbe, kama nilivyokuja kuambiwa..." Kila unapoiona kumbe katika mswada wako, simama uulize nani ameshtuka. Ukikosa jibu, ifute.

Dada yake kumbe ni "eti", au "ati" kama tunavyosema wengine wetu wa pwani. Eti inaleta maneno ya mtu mwingine na papo hapo inayatilia shaka. "Wakasema eti mama ana kiburi" ni sentensi yako bora kuliko zote. Kwa neno moja la herufi tatu tunawasikia wao na tunamsikia mtoto akiwakatalia. Iache.

Halafu majina. Mtoto wa Tanga hamwiti baba yake mdogo kwa jina, hata kichwani mwake. Wewe katika ukurasa wa 12 unamwita "baba mdogo", ukurasa wa 13 "Hamisi", ukurasa wa 15 "mzee yule". Wangapi hao? Kila jina linamtaja anayetazama. "Baba mdogo" ni mtoto anatazama. "Hamisi" ni kaka yake anatazama, au mkewe akiwa amekasirika, au karani. "Mzee yule" ni mpita njia. Ukiwa kwenye nafsi ya tatu ya begani mambo ni magumu zaidi: je, uandike "baba yake mdogo" au "baba mdogo"? Mimi huangusha "yake" mara tu tunapokuwa tumeingia vizuri kichwani mwa mtoto, na kuirudisha ninapotaka msomaji asogee nyuma hatua moja.

Vivyo hivyo huyu na yule, humu na mle. "Mle sebuleni mlikuwa na moshi wa sigara" inamweka msimulizi nje, ukumbini au miaka mingi mbele. "Humu sebuleni mna moshi" inamweka ndani, macho yanamwasha. Wengi huchanganya ndani ya aya moja, na msomaji anahisi kizunguzungu bila kujua kimetoka wapi. Hili si la sarufi, sarufi zote mbili ni sawa. Ni swali la miguu ya msimulizi ilipo.

Mwisho katika haya ni a- yenyewe. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke hapo. A- ni ya wote. Ukiwa na watu wawili katika chumba, na msimulizi wa nafsi ya tatu, utaandika kitu kama "alimwambia kwamba hatamsamehe kwa alichomfanyia", na msomaji atahitaji mchoro. Hii ni sababu moja ya vitendo, isiyo na falsafa yoyote, ya kubaki na "mimi" katika riwaya yenye vikao: angalau mtu mmoja chumbani anajulikana daima ni nani. Kwa upande mwingine, a- hiyohiyo inakupa uchawi wa kumficha mhusika jinsia yake kwa kurasa nyingi, mpaka siku atakaposema "nimeolewa". Haikuhusu, nimepitia tu.

Sasa rafiki yako wa pili, yule wa kuhama sura moja kisha kurudi. Hakukosea kwamba inawezekana. Mfano maarufu kabisa katika riwaya ya Afrika ni Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958), ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shujaa Okonkwo. Kitabu kizima kimesimuliwa kwa nafsi ya tatu iliyokaa Umuofia, inayojua mila, methali na miungu ya watu wale. Kisha katika aya ya mwisho kabisa tunaingizwa kichwani mwa Mkuu wa Wilaya, mzungu, anayewaza kitabu anachotaka kukiandika, na anaona kwamba kisa cha Okonkwo kinaweza kumpatia sura nzima, au labda si sura, aya moja inatosha. Mtu tuliyeishi naye kitabu kizima anapunguzwa kuwa aya katika kitabu cha mgeni, na tunalihisi hilo kwa sababu macho yamehamishwa. Uhamisho ule una kazi, na umefanyika mara moja.

Uhamisho wako ungefanya kazi gani? Kutupa habari za kikaoni, basi. Msomaji aliyekaa kurasa 60 kifuani mwa mtoto anahamishwa kwa nguvu kwenda juu ya dari ili asikie wanaume wakihesabu fedha, kisha anarudishwa. Atajua sasa kitu ambacho msimulizi wake hakijui, na atajiuliza nani amemwambia. Kila sura itakayofuata atangoja kuhamishwa tena.

Kama kweli unahisi kwamba sauti moja haitoshi, kuna njia nyingine, nayo ni kumpa mtu wa pili "mimi" yake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, amefanya hivyo katika By the Sea (2001). Saleh Omar anasimulia, kisha Latif Mahmud anasimulia, kila mmoja kwa nafsi ya kwanza, na kati yao kuna nini? Nyumba. Nyumba ya familia ya Latif iliyokuja kuangukia mikononi mwa Saleh Omar. Ukisikiliza upande mmoja unaona mnyang'anyi, ukisikiliza wa pili unaona mtu aliyenaswa katika mambo ya deni na ukoo. Katika kitabu chako mtu wa pili angekuwa nani? Ningemchagua baba mdogo, mwenye aibu. Lakini hapo riwaya inakuwa nyingine, na kurasa zako 60 zinakuwa nusu ya kitabu ambacho hukukipanga. Fikiria kabla ya kujaribu.

Nafsi ya pili, "wewe", najua utaniuliza. Tunayo ya kale: Mwana Kupona anamwita binti yake akaribie asikie wasia, na utenzi wote unaelekezwa kwake. Kwa wasia, kwa barua, kwa lawama, "wewe" ina nguvu. Kwa riwaya nzima inachosha. Msomaji anaanza kujitetea. Na "sisi"? Ningependa siku moja nisome riwaya ya Kiswahili iliyosimuliwa na kibaraza: tulimwona, tulisikia, sisi hatukusema kitu. Mitaa yetu inasimulia hivyo kila jioni. Ila kibaraza hakikubeba sinia, kwa hiyo si kwa hadithi hii.

Basi tukirudi kwenye kikao. Msimulizi wako ana miaka 35 na hakuwemo. Atakipata kwa kile alichokiona na sinia, kwa shangazi, kwa baba mdogo. Na kuna kitu cha nne, ambacho nashangaa hukukifikiria, kwa kuwa kila aliyewahi kufungua mirathi Tanzania anakijua: muhtasari wa kikao cha ukoo. Mahakama ya mwanzo kwa kawaida huutaka kabla ya kuteua msimamizi. Unaandikwa kwenye karatasi za daftari, kuna majina ya waliohudhuria, kuna sahihi. Mwache msimulizi wako aupate siku moja ndani ya jalada.

Muhtasari ni usimulizi wa aina ya pekee. Hauna mimi wala yeye. "Ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba nyumba iuzwe." Ilikubaliwa na nani? Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya kumficha mtendaji, na vikao vya ukoo vinazijua zote: ilionekana, ilipendekezwa, iliafikiwa. Uandike muhtasari huo mzima, ukurasa mmoja mkavu, bila msimulizi kuingilia. Waliohudhuria: sita. Sisi tunaojua sinia tutajua kwamba walikuwa saba. Kisha mstari mmoja: "Mjane alishirikishwa na aliridhia." Na chini, mbele ya jina la mama, dole gumba la wino wa zambarau.

Katika sura yako ya kwanza mama anakaa na mtoto kibarazani akimsomea gazeti na kumsahihisha hati yake. Huyu mama anajua kuandika. Anaweka dole gumba kwa nini? Huhitaji kumwingiza msomaji kikaoni. Ukishamwonyesha lile dole, atakijenga kikao mwenyewe, na kitakuwa kibaya kuliko ambacho ungekiandika.

Kwa kazi ya mikono, ningeanza hivi. Usiziguse kurasa 60 bado. Andika kwanza kurasa mbili za mwanamke wa miaka 35, mahali alipo, siku anayoanza kusimulia, na kilichomfanya aanze leo na si mwaka jana. Huenda kurasa hizo zisiingie kitabuni. Ni zako, upate sauti yake. Kisha rudi sura ya kwanza na uiache karibu kama ilivyo, kwa sababu mtoto yumo ndani yake mzima. Ongeza sentensi tatu au nne tu za mtu mzima, zitawanye. Usimwache mkubwa aingilie kila aya na "laiti ningalijua". Moja inatosha kwa kitabu kizima, na hiyo moja pia ningeipima mara mbili. Sura ya pili iandike upya yote. Ukurasa wa 41, ule wa msimamizi, upeleke mbele kabisa, umngoje mtu mwenye umri wa kuuelewa.

Na kidogo kingine, kwa kuwa umenitumia mswada na mimi siwezi kunyamaza. Kwenye ukurasa wa nne, mama anapotoa habari ya msiba, umeandika: "Uso ulinisawijika." Tuliandika wote sentensi hiyo kwenye insha na walimu wakaweka vyema. Lakini anayesimulia ni yeye mwenyewe, na nyumba ya msiba vioo vyake, umesema mwenyewe mistari miwili juu, vimefunikwa kanga. Aliuona wapi uso wake? Mpe ulimi uliokauka, mpe masikio yanayovuma. Au mwache shangazi amtazame na kusema, "Mwanangu, mbona umesawijika hivyo?" Shangazi amesimama mahali anapoweza kuona.